Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maji na samaki wa Mto Pangani

Korogwe, Tanga

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya uvuvi, maji, umeme na mapato katika Bonde la Mto Pangani,

Salaam nyingi.

YAH: HASARA ZA BWAWA ZINAZOMWANGUKIA MVUVI MDOGO NA MCHUUZI

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mchuuzi wa samaki wa maji baridi. Nanunua perege na kambale kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu na katika vijiji vya kando ya mto, nauza Manundu na Mombo, na nikipata mzigo wa kutosha nafika nao Tanga mjini. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu, wavuvi wenye mitumbwi ya makasia na kina mama wenye matenga na makarai.

Hatukukurupuka kuja hadharani. Tulipeleka malalamiko kwa maandishi kupitia serikali ya kijiji, yakapigwa muhuri wa kupokelewa. Tulipokwenda kuulizia tuliambiwa jalada liko meza nyingine, na meza hiyo nyingine ikatuambia suala ni la wizara tofauti. Tukasimama kwenye mkutano wa hadhara, hoja ikaandikwa kwenye daftari, tukapigiwa makofi. Tangu siku hiyo hatujasikia neno. Ndiyo maana leo tunawaandikia mbele ya watu wote, kwa heshima ile ile, ila kwa sauti ya juu zaidi.

Tunalosema ni hili: mnasimamia samaki, mnasimamia maji, mnasimamia ushuru, lakini hakuna hata mmoja wenu anayesimamia hesabu ya mvuvi. Na hesabu hiyo ndiyo inayoamua wavu gani utaingia majini usiku.

1. Maji yanashushwa bila taarifa

Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960, pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana. Likijaa lina takriban kilomita za mraba 140, lakini kina chake ni kifupi, kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu ufukwe unarudi nyuma mbali sana. Kazi yake kubwa ni kutunza maji ya umeme: megawati 8 pale pale bwawani, 21 Hale, na 68 Pangani. Juu ya hayo yapo mashamba ya umwagiliaji, na sasa mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe unachota humo humo. Hatuna ugomvi na matumizi hayo hata moja. Mimi ni mkazi wa Korogwe, nataka maji bombani na nataka taa iwake.

Lakini samaki naye ana ratiba yake. Perege dume anachimba kiota kwenye maji mafupi karibu na ufukwe. Jike anabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, kisha watoto wanajificha kwenye nyasi na matete ya pembeni. Kambale anangoja mvua zifunike majani ndipo apande huko akatage. Milango ya bwawa ikifunguliwa katikati ya kipindi hicho, viota vinabaki juu ya tope na matete yanabaki nchi kavu. Waliokufa hapo ni samaki wa msimu unaofuata, na mvuvi hajawatia hata kidole. Mwaka unaofuata mnatutangazia kwamba samaki wamepungua kwa sababu ya uvuvi haramu.

Chini ya bwawa hali ni hiyo hiyo. Kinamasi cha Kirua kilikuwa kikifurika masika yakiwa makubwa, na watu wa huko walitega migono yao, mitego ya kusuka, kwenye maji yanayorudi mtoni. Tangu mto uanze kupimiwa maji na milango, kinamasi hakifuriki kama zamani, na samaki wake wameondoka na mafuriko hayo. Fuateni mto mpaka mwisho, Pangani mjini, mtaona maji ya chumvi yanavyopanda kuingia mtoni kwa sababu maji baridi yanayoshuka hayana nguvu ya kuyarudisha baharini.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, imepanga foleni: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya mazingira, ndipo zifuate shughuli nyingine za uchumi. Umeme na umwagiliaji viko kwenye hilo fungu la tatu. Matete anamokulia perege yako fungu la pili. Tunaomba foleni hiyo iheshimiwe kama ilivyoandikwa.

2. Wavu haramu unaanzia kwenye deni

Hapa naomba mnivumilie nieleze kwa urefu, maana nikitazama doria zenu na hotuba zenu naona jambo hili halijawafikia.

Kijana anaanza uvuvi hana mtumbwi wala wavu. Tajiri anampa vyote viwili kwa sharti kwamba samaki wote atamuuzia yeye, kwa bei atakayoitaja yeye. Chukueni mfano wa usiku mzuri. Wameshuka samaki wa shilingi 60,000. Inatoka 6,000 ya chakula na betri za taa. Inabaki 54,000, nusu yake ni ya chombo na nyavu, maana yake ya tajiri. Hiyo 27,000 nyingine wanagawana wavuvi watatu, 9,000 kila mmoja. Hapo tajiri bado hajakata deni la wavu uliochanwa na kisiki juzi. Na ile 60,000 yenyewe imepigwa kwa bei ya tajiri. Samaki wale wale wakishindaniwa na wachuuzi watatu mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, bei inapanda papo hapo. Nimeshinda minada kama hiyo na nimeshindwa, najua tofauti yake.

Huo ni usiku mzuri. Ukija msimu mbaya mvuvi hapati kitu na deni liko pale pale. Kama perege wakubwa wameisha, wavu wenye macho makubwa unarudi mtupu, na wa macho madogo unarudi na chochote. Mvuvi anajua kabisa kwamba anavua watoto. Hakuna anayelijua hilo kuliko yeye, maana yeye ndiye anayewatoa kwenye nyuzi mmoja mmoja, wa urefu wa kidole, kwa mkono wake. Anawatoa huku akihesabu ada ya shule.

Kisha mnakuja. Nyavu haramu, kokoro na timba, zinakusanywa, zinamwagiwa mafuta, zinachomwa mbele ya kamera. Moto unazima, mnaondoka. Deni la wavu ule halijaungua. Tajiri analeta wavu wa pili, bei yake inajumlishwa kwenye deni la wa kwanza, na safari hii macho yake ni madogo zaidi ili pesa irudi haraka. Mvuvi mmoja niliyenunua samaki wake kwa miaka mingi alichomewa nyavu namna hiyo. Alikuwa anavua usiku mmoja na kupumzika mmoja. Baada ya moto ule akawa anavua usiku wote saba, kwa wavu mbaya kuliko uliochomwa.

Na wavu huo hakuusuka yeye. Uliingia nchini, ukapita dukani, ukauzwa mchana kweupe. Doria inamkuta mtu wa mwisho, mwenye miguu ndani ya maji.

Kwa sisi wachuuzi deni lina jina lake, nanyi mnalijua: kausha damu, mikopo ya riba kali. Rejesho ni kila wiki, na samaki hawana wiki. Asubuhi mwaloni nafunua shavu la samaki nitazame matamvua. Yakiwa mekundu natoa bei nzuri, kwa sababu najua atafika Korogwe salama. Yakianza kupauka namwacha. Siku ya rejesho sina ujasiri huo. Nachukua hata aliyepauka, namkaanga chapuchapu kabla hajageuka, nauza kwa bei ya kutupa nipate ya kumpa mkopeshaji anayenisubiri mlangoni. Mlaji anapata samaki dhaifu, mvuvi anapata bei dhaifu, mimi nabaki na mtaji uliopungua.

Mtasema ipo mikopo ya halmashauri. Ipo, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo jema na baadhi yetu kina mama limetufaa. Lakini mvuvi wa miaka hamsini si mwanamke, si kijana, na Mungu amemjalia viungo vyake vyote. Huyo mwenye mtumbwi wake na uzoefu wa maisha yote ndiye aliyeachwa mikononi mwa tajiri.

3. Ushuru wa mlango kila mahali

Leseni ya mvuvi, leseni ya chombo, ushuru mwaloni, kizuizi cha barabarani, ushuru sokoni, kodi ya meza. Kizuizini niliwahi kuonyesha risiti ya mashine iliyotolewa asubuhi ile ile mwaloni, nikaambiwa hiyo ni ya wilaya nyingine. Tenga lilikaa juani mpaka barafu ikaisha. Hatukatai kulipa. Tunakataa samaki mmoja kulipiwa mara tatu kabla hajafika kwa mlaji, huku shehena kubwa ikipita kwa karatasi moja.

4. Kufunga bwawa

Nyumba ya Mungu limewahi kufungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane, na huenda likafungwa tena. Wengi wetu hatupingi mapumziko. Wavuvi wakongwe wenyewe walikuwa na maeneo waliyoyaacha bila kuyagusa wakati wa mazalia. Tunapinga namna yanavyotekelezwa.

Tangazo linakuja ghafla, likiwakuta watu wameshalipia leseni ya mwaka na wameshachukua nyavu kwa mkopo. Muda wa leseni hauongezwi. Rejesho halisimami. Wenye nguvu wanaenda dago, kupiga kambi ya uvuvi, Kipumbwi au Pangani, ambako wanakwenda kuwabana wavuvi wa bahari nao wana shida zao. Wasioweza wanavua usiku kwa kuibia, na hapo ndipo rushwa inapopata mlango, maana anayevua kwa kuibia ni lazima amlipe anayeona.

Yapo na ya huku kwetu ambayo naona hayajaingia kwenye mipango yenu. Kusi ikivuma, vyombo vidogo vya Tanga havitoki, samaki wa maji chumvi anaadimika na bei yake haishikiki. Miezi hiyo kambale mkavu na perege wa kukaanga ndio mboga ya watu wa kipato cha chini kuanzia Mombo hadi Mgandini. Najua masika, samaki wanapozaa, yanapakana na kuanza kwa kusi, kwa hiyo hesabu si rahisi. Lakini kati ya kufunga bwawa zima mwaka mzima na kuliacha wazi lote kuna njia nyingi: kufunga ghuba za mazalia pekee, kufunga kwa majuma yanayojulikana kila mwaka, kuacha mishipi ikiendelea nyavu zikipumzishwa. Njia hizo zinahitaji kukaa na watu wanaojua ghuba ipi ina viota. Watu hao wapo, na hamjawauliza.

5. Mialo mitupu

Ushuru unaotolewa hauonekani unaporudi. Hakuna kivuli, hakuna chanja za kuanikia, choo ni vichaka. Samaki wanatandazwa juu ya turubai ardhini, mvua ya ghafla inaharibu kazi ya usiku kucha. Barafu inatoka mjini kwa bodaboda. Hili sitalirefusha, njooni mwone.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia mengi ofisini. Naomba niyajibu mapema.

Mtasema wavuvi wamezidi. Ni kweli wameongezeka. Lakini historia ya bwawa hili inajulikana: lilipojaa, mwishoni mwa miaka ya 1960, ardhi mpya iliyofunikwa na maji ilioza na kulisha viumbe wa majini, samaki wakafurika, watu wakamiminika kutoka kila pembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mavuno yakaporomoka. Neema ya bwawa jipya haidumu, kila mtaalamu wa maji anajua. Waliobaki wakazaa watoto, na watoto hao hawana shamba wala ng'ombe. Kuwaita wamezidi bila kuwaonyesha pa kwenda ni kuwaambia wakafe njaa mbali na macho yenu.

Mtasema umeme ni wa taifa zima. Sawa. Mitambo yote mitatu ya Mto Pangani kwa pamoja ni megawati 97. Leo taifa lina Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, megawati 2,115. Hatuombi mitambo yetu izimwe. Tunauliza kama kweli taifa litaingia giza maji ya Nyumba ya Mungu yakishushwa taratibu kwa majuma machache ya mazalia.

Mtasema tufuge samaki kwenye vizimba. Kizimba kinataka chakula cha kununua, vifaranga, na maji yasiyohama. Ufukwe unaorudi nyuma kila kiangazi utakiacha kizimba juu ya tope. Tengenezeni kwanza ratiba ya maji, ndipo tuzungumze vizimba.

Mtasema ipo BMU, kikundi cha wanajamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi mwaloni. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 imeiweka, na tunaitambua. Lakini BMU inapewa kazi ya kukamata, haipewi mafuta ya doria wala sehemu ya ushuru, na kwenye vikao vya kugawa maji haina kiti. Nimehudhuria mkutano wa watumiaji maji ambapo wakulima wa skimu, watu wa maji ya bomba na watu wa umeme walikuwa na wasemaji wao. Wavuvi walitajwa mara moja, katika orodha ya wanaoharibu kingo za mto.

Na kama mtasema haya yote ni mageni, Mwongozo wa Hiari wa uvuvi mdogo uliopitishwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2014 unasema wavuvi wadogo washirikishwe katika maamuzi yanayogusa maisha yao, na wanawake wanaochakata na kuuza samaki watambuliwe kuwa sehemu ya uvuvi. Tunaomba kile ambacho dunia ilishakikubali.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba haya:

Kwanza, ratiba ya kushusha maji itangazwe mapema mialoni na redioni, na katika majuma ya mazalia maji yasishushwe kwa ghafla. Hili ndilo kubwa kwetu na ndilo lisilohitaji bajeti.

Pili, wavuvi na wachuuzi wapewe viti vyenye sauti kwenye vikao vya kugawa maji ya bonde, kwa watu tutakaowachagua wenyewe.

Tatu, uanzishwe utaratibu wa kubadilisha nyavu: mvuvi asalimishe wavu haramu, apewe halali kwa mkopo nafuu unaolipwa kwa msimu, bila kujali umri wala jinsia. Na kabla ya doria nyingine kwenda mwaloni, ianzie kwenye maduka na maghala ya wanaoingiza na kuuza nyavu hizo.

Nne, samaki alipiwe ushuru mara moja, na risiti yake itambulike katika wilaya zote za bonde. Sehemu ya ushuru huo irudi mwaloni, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni.

Tano, bwawa likifungwa, tangazo litoke kabla ya msimu wa kulipia leseni, muda wa leseni usogezwe, na maeneo ya kufungwa yapangwe pamoja na BMU.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya masika yajayo, yakitaja kila ombi na nani atalishughulikia. Ombi lisilowezekana, tuambieni haliwezekani na sababu yake. Tuko tayari kuja popote mtakapotuita, na tutakuja na wavuvi wanaojua ghuba za mazalia kwa majina yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchuuzi wa samaki wa maji baridi,
kwa niaba ya wavuvi wadogo na wachuuzi wenzangu,
Manundu, Korogwe.

Nakala: Mbao za matangazo za mialo na masoko ya samaki, kutoka bwawani hadi Tanga mjini.